Diski ya Zamani ya Mzee Anaeli

Mwika, 12 Februari 2024

Mwanangu Rukaiya,

Salamu zangu zipokee zote kwa mkupuo mmoja, wewe na mumeo Shakiru na mama yako Hadija, kisha unisikilize, maana leo sina subira ya kuuliza habari ya mmoja mmoja. Mzigo aliokuletea jirani yangu Gladys ndani ya kiroba, uliofungwa kwa majani makavu ya migomba, ni boksi la kompyuta yangu, ulitazame hapo dukani kwenu. Usinicheke kwa hayo majani. Gladys anaupakia pamoja na ndizi zake za sokoni Mbuyuni, na barabara ya huku kwetu unaijua.

Kompyuta imegoma kuamka. Ukiiwasha inanguruma, taa inawaka, kisha kioo kinabaki cheusi na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza unaosema kwamba haioni diski ya kuwashia. Nimekaa mbele ya huo mstari nikiusoma kama mtoto wa darasa la kwanza, na haubadiliki.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Mume wangu, Mzee Anaeli, unamkumbuka. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu miaka mingi, na sauti yake ilikuwa inajulikana mpaka Himo. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa koo. Alirudi nyumbani mzima, namshukuru Mungu, lakini bila sauti. Anatembea na daftari la shule na kalamu, akitaka chai anaandika chai. Sauti yake iliyobaki ni ile niliyoihifadhi kwenye kompyuta: nyimbo, matangazo ya ibada, hata hadithi za Kichagga alizowasimulia wajukuu. Kila jioni nilikuwa nawasha, nikichambua maharage, tunasikiliza wote wawili.

Krismasi iliyopita, Fredy wangu, kitindamimba, yule anayekaa na sisi na atakayerithi hii nyumba, akaniletea diski mpya kama zawadi. Alisema kompyuta inajikokota mno. Akapiga windo mpya, ile programu ya kuendeshea kompyuta, kwenye hiyo diski mpya, akaniambia, "Mama, ya zamani nimeiacha humohumo, vitu vyako viko palepale." Ikafanya kazi vizuri. Mara baada ya Mwaka Mpya, asubuhi moja, nawasha nakuta weusi. Fredy akabonyeza kila kitu. Uso ukambadilika, akasema diski ya zamani haionekani kabisa, anadhani ameiunguza. Akashika bisibisi afungue boksi aangalie, baba yake akamnyang'anya, akamwonyesha mlango kwa kidole.

Rukaiya, sijawahi kuona mzee akimfanyia mtoto hivyo. Fredy akaondoka. Nasikia yuko Mabogini, anapalilia mpunga wa rafiki yake Primus. Simu yangu hapokei. Kihamba na migomba yake yote kimebaki na wazee wawili, na mmoja ndiye anayeongea.

Niambie tu kama sauti ipo au haipo. Ikiwepo, nitamrudisha mwanangu nyumbani kwa hiyo sauti. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu ni kitochi, na mambo kama haya hayaenei kwenye kitochi.

Mwalimu wako wa darasa la tatu,
Elisifa


Moshi, 16 Februari 2024

Mwalimu, shikamoo.

Mama amefurahi kusikia habari zako, na ameyachukua majani yako ya mgomba kufunikia vitumbua, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Sasa kaa kwenye kiti ndipo uendelee kusoma. Nimefungua boksi. Ndani kuna diski moja tu, ile mpya ya Fredy. Nafasi ya diski ya zamani iko wazi. Waya zake zinaning'inia, na skrubu zake nne zimelazwa vizuri chini ya boksi, kama mtu aliyevua viatu mlangoni.

Nikueleze kwa nini imegoma, maana hilo ni kosa ninaloletewa hapa dukani kila wiki. Fredy alipopiga windo mpya, diski ya zamani ilikuwa bado imechomekwa. Sasa windo ina tabia yake. Ikikuta kwenye mashine kuna diski ambayo tayari ina sehemu ya kuwashia, haijisumbui kutengeneza nyingine. Inakwenda kuweka maelekezo yake ya kuamka kwenye hiyo ya zamani. Kwa hiyo windo yote iko kwenye diski mpya, lakini cha kuiamsha kiko kwenye ya zamani. Zikikaa zote mbili huwezi kujua. Ukiichomoa ya zamani, mpya inabaki imelala na mzigo wake wote. Watu wengi hushtuka hapo, wanaona wametoa diski isiyotumika na kompyuta imekufa.

Maana yake ni hii, Mwalimu. Fredy hakufuta kitu. Hakuunguza kitu. Alichosema kwamba diski haionekani ni kweli tupu, ilikuwa haionekani kwa sababu haikuwemo. Naweza kuifanya hii diski mpya ijiamshe yenyewe, ni kazi ndogo. Lakini sauti ya mzee haimo humu. Iko kwenye diski ya zamani, popote ilipo.

Iko wapi? Nani aliifungua kompyuta kabla haijanifikia?

Mwanafunzi wako,
Rukaiya


Mwika, 21 Februari 2024

Rukaiya,

Barua yako nimeisoma nimesimama.

Unaniuliza mimi diski iko wapi. Kompyuta imekaa sebuleni kwangu chini ya kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Nyumba hii ina mimi, Mzee Anaeli na ng'ombe. Mimi sijui bisibisi inashikwa upande gani. Mzee hajawahi hata kuifuta vumbi, kwa sababu anasema ni kitu changu. Ng'ombe nimemtoa kwenye orodha. Boksi lilitoka hapa limefungwa, nililifunga mwenyewe, likaingia kwenye kiroba, Gladys akalileta moja kwa moja mlangoni pako. Gladys ni jirani yangu tangu tukiwa wasichana.

Basi imebaki nini? Imebaki duka lako.

Nakuuliza kama mwalimu wako, na ninaona aibu kuuliza, lakini nitauliza. Hapo dukani mnaingia watu wangapi? Shakiru ana hakika na kila mtu anayeshika vitu vya wateja? Diski ya mtu mwingine inaweza kuwa kitu cha kuuzwa. Hii yangu kwa mnunuzi haina faida yoyote. Ataifuta aweke sinema zake, na hapo mume wangu atakuwa amenyamaza moja kwa moja.

Mzee nimemsomea barua yako kwa sauti. Aliandika kwenye daftari, "Waache." Neno moja. Kisha akaenda kukamua. Mtu amevunjika moyo mpaka hataki hata kutafuta.

Irudishe, Rukaiya. Ikirudi sitauliza ilikuwa wapi.

Elisifa


Moshi, 24 Februari 2024

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako niliisoma mbele ya Shakiru, na nilipofika pale penye jina lake nikaishia hapo. Akaninyang'anya akamalizia mwenyewe. Alitoka nje akakaa juu ya pikipiki yake bila kuiwasha. Sisi hapa mtaani hatuna kitu kingine zaidi ya jina, Mwalimu. Mtu anatuachia kompyuta yenye mambo yake yote ya ndani kwa sababu anaamini hatugusi. Kushukiwa na mtu mwingine ningekula nikalala. Kushukiwa na wewe kumeniuma sana, na sitaki kujifanya hakukuniuma.

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia kabla ya kusema, basi nikarudi nikaangalia tena.

Pale palipokuwa na diski ya zamani pana utando wa buibui. Umeanzia kwenye ukingo wa nafasi yenyewe umevuka mpaka kwenye waya. Juu ya utando kuna vumbi. Vumbi ni jekundu, la kwenu, hapa mjini letu ni la kijivu. Buibui huyo hakujenga nyumba kwa siku chache ambazo boksi lilikuwa kwangu. Alijenga sebuleni kwako, chini ya kitambaa chako.

Jambo la pili. Niliichomeka diski mpya kwenye mashine yangu nikaisoma. Inaweka kumbukumbu ya kila inapoamka. Mara ya mwisho kuamka ni jioni ya tarehe mbili Januari, na jioni hiyo diski ya zamani ilikuwemo. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulikuta weusi asubuhi. Basi iliondoka kati ya jioni ile na asubuhi ile, ndani ya nyumba, na aliyeitoa hakuwa na haraka, kwa sababu alifungua skrubu zote nne na hakupoteza hata moja.

Boksi nakurudishia kwa Gladys kama lilivyokuja. Sijagusa utando. Utauona mwenyewe.

Sikutaji mtu, Mwalimu. Nakuomba tu usinitaje mimi.

Rukaiya


Mwika, 2 Machi 2024

Mwanangu Rukaiya,

Kwanza niombe radhi, kabla sijaandika lingine nikajisahau. Nimekukosea wewe na nimemkosea mumeo. Nimemwambia Gladys ausome uso wako kwanza kabla hajakupa hii barua, na kama umekunja, asubiri.

Utando nimeuona. Niliuangalia nikalifunika tena boksi, nikakaa. Unajua mtu anaweza kukaa na jibu mkononi akakataa kulisoma. Nilijiambia labda ni panya. Panya mwenye bisibisi.

Siku ya tatu, asubuhi, nikiwa jikoni napika mtori, nikasikia mtu anaongea kwenye banda la ng'ombe. Mwanaume. Sauti mbaya, nzito, inakwaruza kama mlango wa bati unaoburutwa sakafuni, na inarudia kitu kilekile. Mzee alikuwa amekwenda kukamua, na yeye hana uwezo wa kupiga kelele akivamiwa. Nikachukua panga. Mama wa umri wangu, Rukaiya, na kanga moja, na panga, napita kwenye migomba nanyata.

Nikachungulia. Hakukuwa na mtu zaidi ya mzee. Amekaa kwenye kigoda, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, anakamua, na ile sauti inatoka kwake. Alikuwa anasema, "Fre-dy. Fre-dy. Rudi." Anapumua. Anaanza tena.

Panga lilinidondoka. Aligeuka akaniona. Sikufurahi, nakuambia ukweli. Nilishtuka mpaka nikapandwa na hasira. Miezi yote hii mume wangu ana sauti, anampa ng'ombe.

Nikamuuliza, "Diski iko wapi?" Sijui swali hilo lilitoka wapi, lilitoka tu. Akaingiza mkono ndani ya koti lake la kukamulia akaitoa. Ilikuwa imefungwa kwenye soksi safi. Alikuwa anatembea nayo kifuani tangu Januari, wakati mimi nalia, wakati naandika barua za kumwita Shakiru mwizi, wakati mwanangu yuko kwenye matope ya watu akiamini ameua sauti ya baba yake. Sasa naelewa kwa nini alimnyang'anya Fredy bisibisi. Angefungua boksi, angeona.

Nilisema maneno ambayo mke wa mwalimu wa kwaya hasemi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomuuliza kwa nini, hakutumia sauti wala daftari. Alikwenda mezani akaandika barua, akaifunga, akaweka jina lako juu yake. Jina lako, si langu. Naiweka humu kwenye kiroba kama alivyonipa. Sijaifungua, ingawa Mungu anajua nimeishika kwenye mwanga mara kadhaa.

Diski iko mezani, nimeifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Sijui niipende au niitupe.

Ndimi Elisifa,
ambaye hana uso wa kukutazama


Mwika, 2 Machi

Binti Rukaiya,

Mimi ni Anaeli. Mama Fredy anasema amenisamehe, lakini leo ametia chumvi kwenye mtori kwa mkono wa hasira, kwa hiyo najua bado.

Nakuandikia wewe kwa sababu umetukanwa kwa ajili yangu, na kwa sababu wewe si wa ukoo.

Diski niliitoa mimi. Nilimwona Fredy alivyofungua alipoweka ile mpya, nikafanya alivyofanya, kinyume. Sikujua kwamba kompyuta yote ingezimika. Nilidhani nitamtoa yule mmoja tu anayeimba, mengine yabaki. Nilipoona weusi nilishtuka kuliko wote mle ndani. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Fredy akashika bisibisi, nami nikaogopa kuonekana, nikamfukuza. Baba mzima.

Sasa sababu. Hospitali waliniambia sauti itarudi mbovu, na haitarudi kabisa nisipoitumia kila siku. Mwezi wa tisa nilijaribu. Nilimwita mke wangu kwa jina lake. Alishtuka akaangusha ungo wa maharage. Akanishika bega akasema, "Usijitese, baba Fredy, pumzika." Akaenda akamwasha yule wa kwenye kompyuta. Yule akaimba. Mke wangu akafumba macho.

Tangu siku hiyo sikufungua mdomo mbele ya mtu. Kila jioni yule anaimba, mimi niko kwenye kiti, napewa chai. Alinipenda, sikatai. Lakini alikuwa ananihurumia mimi na kumsikiliza yeye. Nisingeweza kujifunza kuongea upya huku yule anasema vizuri namna ile ndani ya nyumba yangu.

Hilo la ungo usimwambie. Atalibeba mpaka kaburini, na hakujua.

Ndani ya kipande cha gazeti nilichokunja humu kuna jani la isale, limefungwa fundo. Umezaliwa Moshi, unalijua, ndilo tulilozungushia vihamba vyetu. Kwetu mtu aliyekosa akipeleka isale kwa aliyemkosea, halikataliwi, hata kama kosa ni la damu. Huwezi kulipeleka mwenyewe, anapeleka mtu mwingine asiye na upande. Lishike kwa mkono wa kulia, usiliweke chini mpaka limfikie. Mpelekee Fredy, Mabogini.

Baba hampelekei mwanawe isale. Najua. Mpelekee.

Anaeli


Moshi, 6 Machi 2024

Mzee Anaeli, shikamoo.

Kazi uliyonituma nimeifanya. Nakueleza yote, maana wewe hukuwepo na ni haki yako kujua.

Mama yangu alipoliona jani lina fundo alifikiri ni dawa nimetumiwa, akataka kulirushia maji ya moto. Nilimsomea kipande cha barua yako, akaacha, akanipa mtandio wake mzuri nivae, akasema siendi kupeleka kitu kama hicho nikiwa na mtandio wa dukani. Shakiru alinipeleka kwa pikipiki. Amesema nikuambie hana kinyongo, na kwamba skrubu zako ulizitoa kwa ustadi, ukihitaji kazi uje akuajiri.

Tulimkuta Fredy kwenye jaruba la mpunga, maji yamefika kwenye magoti. Amekonda. Aliponiona alijua natoka kwa nani, akaanza kuongea kabla sijamsalimia. Alisema, "Dada, nimetafuta kila mahali, nimeangalia video zote. Diski ikiungua hivyo hairudi. Mwambie mama sina cha kumpa." Mzee, mwanao alikuwa anaamini kabisa. Hakuwa amekasirika na wewe hata kidogo. Alikuwa hapokei simu kwa sababu kila ikiita anadhani mama yake anataka kumuuliza kama amepata njia.

Nikamwambia, "Hukuunguza. Baba yako aliitoa." Alinitazama kama nimesema kwa lugha nyingine. Nikafungua gazeti nikamwonyesha isale.

Alirudi nyuma. Kweli, alirudi nyuma kwenye maji, akateleza akakaa kwenye matope na mpunga wa Primus ukalala chini yake. Akasema, "Hilo ni la nani?" Nikasema la baba yako. Akauliza tena, mara ya pili, mara ya tatu. Akasema, "Baba haleti isale kwa mtoto. Mimi ndiye nimpelekee." Primus alikuja mbio akidhani tumeleta habari ya msiba. Alipoliona jani akavua kofia.

Mkono wangu ulikuwa unauma kwa kulishika, na uliniambia nisiliweke chini. Nikaingia kwenye maji na viatu. Nikamfuata pale alipokaa nikamkabidhi. Alilipokea kwa mikono miwili, akalificha ndani ya shati, akalia. Sikumzuia.

Anakuja Jumamosi. Mpe diski aichomeke yeye mwenyewe, anajua pa kuichomeka. Kompyuta itaamka papo hapo, kwa sababu maelekezo ya kuamka yako humo. Nimempa karatasi ya hatua zinazofuata: kwanza anakili sauti zote kwenye diski mpya, asisubiri hata chai. Pili aiwekee diski mpya sehemu yake ya kuwashia, ili isiitegemee ya zamani tena. Baada ya hapo mnaweza kuiacha ndani au kuitoa, mtakavyo ninyi, na hakuna atakayekuta weusi.

La ungo sijamwambia mtu.

Rukaiya


Mwika, 11 Machi 2024

Mwanangu Rukaiya,

Fredy alirudi juzi. Nilikuwa nimeambiwa Jumamosi, na tangu alfajiri sikufanya kazi ya maana, nafagia mahali palipofagiliwa. Gladys naye alijidai amekuja kuomba chumvi, akakaa.

Mzee alisimama kwenye ukingo wa kihamba, pale isale zilipoota, amevaa suti yake ya kwaya. Sikumwambia avae. Fredy akatokea njiani, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Mzee akamwita, "Fredy."

Mwanangu akageuka kulia na kushoto kutafuta ni mgeni gani anayemwita. Hakujua, Rukaiya. Alikuwa anaangalia nyuma ya baba yake. Mzee akaita tena, na safari hii Fredy aliona mdomo ukitembea. Gladys alishika ukuta. Mimi nilikuwa nimeshaisikia hiyo sauti kwenye banda, na bado niliacha kufagia.

Mzee akasema, "Hukufuta. Mimi nilitoa." Alipumzika kati ya maneno. "Nisamehe." Fredy akatoa lile jani ndani ya shati, limekauka na limekunjika, akampa baba yake mkono akiwa nalo. Ng'ombe alilia, anataka kukamuliwa, Fredy akaenda kumkamua kwa suruali yake ya safari.

Baada ya chakula akafungua boksi. Alichomeka diski ya zamani, akabonyeza. Nilifumba macho. Gladys akasema imewaka. Ilikuwa imewaka, na picha yangu ya Krismasi ikatokea, na kila kitu kilikuwa palepale. Fredy alianza kunakili kama ulivyomwagiza, chai ikapoa. Kisha akafanya ile kazi ya pili, akachomoa diski ya zamani, akaiwasha ile mpya peke yake. Ikaamka. Akanipa ya zamani mkononi, akaniuliza, "Mama, tuwashe?" maana sauti sasa ziko kwenye mpya pia.

Nilimwangalia mzee. Sijui ulichoandikiwa wewe kwenye ile barua, na sitauliza, ingawa wivu ninao. Lakini kwa mara ya kwanza niliona kwamba jambo la kuwasha lile si la kuamua mimi. Nikamwambia Fredy amuulize baba yake.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Fredy akawasha ule wimbo wa mavuno, alioufundisha kwaya nzima mwaka ule wa mvua nyingi. Ile sauti ikajaa sebule. Ni nzuri, Rukaiya, siwezi kusema si nzuri. Gladys alianza kujifuta macho na mimi nilikuwa karibu kumfuata.

Mzee akainua mkono wake, kama anavyowasimamisha wanakwaya. Fredy akazima.

"Huyu," mzee akasema, "anaimba haraka."

Fredy ndiye aliyecheka kwanza, kisha Gladys, kisha mimi, na mzee mwenyewe akawa anatetemeka mabega. Tulipotulia akanyoosha suti yake, akauanza ule wimbo upya, yeye, kwa sauti yake ya sasa. Ilikuwa inakwaruza. Ilikatika kwenye mstari wa pili, akavuta pumzi, akarudia. Ilikatika tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na mishipa ya shingo pale penye kovu ilisimama. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka nimwambie apumzike.

Sikumwambia. Niliuziba kwa kanga, nikamsikiliza mpaka mwisho.

Mama Fredy,
Elisifa